Maharage Mlangoni kwa Mama Riziki

Nabintu, mwana wangu,

Begi lako nimelifunga mara mbili na mara mbili umelifungua. Basi, sitaligusa tena. Wala sitakuambia usile vya barabarani, usimjibu Mama Hadija vibaya, uamke mapema. Kama unafika Mbarara bila kuyajua hayo, basi nilikulea bure. Umeenda kuaga marafiki zako, na najua mtaagana mpaka sauti ziwakauke. Mimi nimekaa hapa na taa ya sola na karatasi. Utaisoma asubuhi ukinywa chai.

Tangu jana watu wa kanisa wananipitia. "Mama Nabintu, unajisikia namna gani?" Nawajibu, "Bwana asifiwe, niko muzuri." Ukweli ni kwamba sisikii kitu. Si huzuni, si furaha. Unajua mguu unavyokufa ganzi kanisani siku pasteri anapohubiri mpaka anajisahau, unasimama na hujui kama umekanyaga chini? Niko vile, mwili mzima. Nikizinduka nitalia, usijali. Kwa sasa acha nikueleze habari ya nyumba ya Mama Riziki, kwa sababu wewe unajua nusu yake tu, na hiyo nusu niliichagua mimi.

Nyumba yenyewe unaijua, ile ya barabara ya sokoni, yenye mabati mapya na chumba cha mbele chenye mlango wake. Mama Riziki aliijenga kidogo kidogo, tofali kwa tofali, wakati sisi wengine bado tuko chini ya turubai. Mimi na yeye tulijuana kwenye foleni ya chakula, tukakuta tumetoka milima ile ile ya Kivu, yeye juu kwenye baridi, mimi chini kwenye mihogo. Wajane wote wawili. Katika kwaya tunaimba sauti moja, na sauti yenyewe ni ile ambayo watu hawaisikii mpaka siku isipokuwepo. Binti yake Riziki alitangulia ng'ambo na mumewe, na yeye akabaki anasubiri prosesi yake ya kuhamishiwa huko. Mwaka huu wakampima afya, wakamwambia ajiweke tayari.

Hapa kambini Nakivale ardhi ni ya serikali, hilo hata mtoto analijua. Sisi tunauziana kuta, mabati na mlango. Na desturi yetu ni moja: mtu akiitwa kusafiri, anachagua wa kumwachia nyumba, wanakubaliana mbele ya shahidi, wanakunywa soda, wanaomba. Pesa inatolewa siku ndege ikipatikana. Mwenye kusafiri hapendi kulala na pesa chini ya mto, na mwenye kununua hapendi kulipia nyumba yenye mtu ndani.

Nilimwendea kabla ya wengine wote. Akataja bei yake, nikataja yangu, akacheka mpaka akashika mbavu, tukakutana katikati. Shemasi alikuwepo. Tukanywa soda, shemasi akaomba sala ndefu iliyoanzia kwa Abrahamu. Halafu Mama Riziki akasema, na shemasi anasikia, "Nimekubali. Hii nyumba ni ya Mama Nabintu."

Mwanangu, mimi nilikuwa nanunua kile chumba cha mbele. Vingine vyote vilikuwa nyongeza. Niliiona cherehani yako pale, mlango wazi, wewe unashona sare za shule na magauni ya kwaya, wateja kwenye benchi, na mimi nyuma natwanga majani ya sombe. Wiki ile ndipo Mama Hadija alipokuletea neno lake la kwanza, kwamba duka lake la kushona kule Mbarara, chini ya kilima cha Kamukuzi, limezidiwa na kazi na anataka msichana anayejua kukata. Wewe ukasema utafikiri. Nilipokusikia unasema utafikiri, nikavaa kitenge nikakimbia kwa Mama Riziki. Sababu ya haraka yangu yote ilikuwa hiyo. Nilitaka nyumba ili usiondoke.

Nilidhani tukishakubaliwa tumemaliza. Kumbe ndio kwanza watu wanaamka.

Walianza kuja kumuaga. Watu ambao hawakumpelekea hata chumvi alipougua malaria sasa wanakuja na sukari. Mtu anakaa kitini, anasema, "Dada, tutakukumbuka sana," huku macho yanahesabu mabati. Seremala wa kwaya yetu, yule mwenye sauti nene, aliomba kuelekezwa chooni, akapitia vyumba vyote kukitafuta, na choo cha nyumba ile kiko nje tangu ijengwe. Mke wake alizunguka ukuta taratibu akiimba pambio, na kila hatua aliyopiga ilikuwa ndefu sawa na nyingine. Alikuwa anapima, mimi sijui? Nilikuwa pale jikoni napika chai ya wageni, nimejifanya mtu wa nyumbani. Kila mgeni akitoka namsindikiza mpaka barabarani, nihakikishe ametoka kweli. Wewe ulinicheka. Uliniuliza kama Mama Riziki ameniajiri.

Halafu akaja yule mfanyabiashara wa mahindi kutoka Mbarara, huyu tunayemwita Haji. Yeye hakuleta sukari. Alishuka kwenye gari lake, akaangalia barabara upande huu, akaangalia upande ule, akapiga kofi ukuta mara moja.

"Nyabo, mimi nataka hii nyumba. Nafanya sitoo ya mahindi. Nalipa leo leo, yote."

"Baba, nyumba iko na mwenyewe," Mama Riziki akamwambia.

"Mwenyewe amelipa?"

"Tulikunywa soda."

Haji akacheka, si kwa ubaya. "Nyabo, soda mimi nakunywa kila siku. Sijapata nyumba hata moja."

Akaondoka akisema atapita tena. Mama Riziki akaja jikoni, akanikuta nimeshika mwiko tu, chungu hakiko motoni. "Usiogope, Mama Nabintu," akaniambia. "Miye nilishasema." Akanishika bega. Nabintu, mtu akishasema vile na kukushika bega, unataka nini tena? Lakini mimi sikusikia nilichoambiwa. Nilisikia tu kwamba Haji atapita tena. Kila pikipiki ikinguruma barabarani nasema ni yeye. Nilichoma ugali, mimi, mtu mzima.

Ndipo nikapata akili. Nakuambia nilivyoiona siku ile: akili kubwa.

Wewe unajua hapa fasi ya ardhi yenye mazao inaheshimiwa. Jirani yetu alipogombania mpaka wa shamba, mwenyekiti aliuliza kitu kimoja tu, nani amepanda, na kesi ikaisha watu wakaenda kula. Basi nikasema, maharage yangu yakiwa mbele ya nyumba ile, nani atauliza tena? Seremala akija ataona. Haji akija ataona. Sitahitaji kufungua mdomo wala kusindikiza mtu.

Nikangoja siku ya maombi ya kufunga, Mama Riziki yuko kanisani. Nikaenda na jembe na mbegu. Nilianza kule pembeni, karibu na choo, na kweli nilitaka kuishia pale. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, unajua mimi na udongo laini. Nikasogea. Nikang'oa yale maua yake mekundu, nikasema si anaenda. Nikahamisha kigoda chake, nikakiegemeza ukutani. Nililima uwanja wote, nikapanda mpaka kwenye kizingiti cha mlango. Mistari ilinyooka vizuri sana. Nikasimama pale na jasho langu nikajisifu.

Akanikuta.

"Mama Nabintu, unafanya nini?"

"Napanda kidogo, dada. Ili batu bajue."

"Bajue nini?"

"Kama nyumba iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni nani? Miye siko?"

"Uko, lakini unaenda."

"Naenda," akasema. "Siyaenda bado." Akaangalia kizingiti. "Mpaka kwenye mulango, Mama Nabintu. Na weye unajua."

Nilijua. Kwetu uwanja wa mbele haulimwi mtu akiwa ndani. Ni pa kupokelea wageni, ni pa kulazia maiti kabla ya kuzika. Unalima mpaka mlangoni pale ambapo nyumba imebaki bila watu. Na zaidi ya hapo, alikuwa amenisimulia mwenyewe, tunachambua mchele yeye na mimi, jinsi baada ya kukimbia vita alivyorudi siku moja kule mlimani kutafuta sufuria zake. Akakuta maharage yamechanua maua mpaka mlangoni pake. Waliopanda walikuwa majirani, watu wa kanisa lake. Hawakumfukuza. Walimsalimia vizuri, wakamuuliza kama amekuja kutembea.

Hadithi ile niliililia. Mchele wote ulilowa. Halafu nikachukua jembe nikaenda kumfanyia vile vile, na katika mistari yote ile haikunijia kichwani hata mara moja. Woga ulikuwa umenijaa mpaka hapakuwa na nafasi ya mtu mwingine, hata yeye niliyekuwa nimesimama mlangoni pake.

Bado ningeweza kusema pole. Ilikuwa imebaki neno moja tu. Badala yake nikasema, Mungu anisamehe kwa ulimi huu, "Lakini tulikubaliana."

Ni kweli, tulikubaliana. Sijawahi kusema kweli ya kijinga namna ile. Yeye hakupiga kelele. Aliruka mistari yangu, hakukanyaga hata mbegu, akaingia, akafunga mlango polepole. Siku chache baadaye shemasi akaja nyumbani wewe ukiwa sokoni. Nyumba imeenda kwa Haji. Maneno aliyopewa aniletee yalikuwa haya: "Siwezi kuuzia mutu mwenye alishanizika."

Wewe nilikuambia nini? Nilikuambia Haji ameongeza pesa, Mama Riziki ametugeuka. Nilikuambia pesa haina kwaya. Ukakasirika kwa ajili yangu, ukaacha kumsalimia, na mimi nikakuona ukimpita njiani na shingo yako imenyooka, nikanyamaza. Haji hakuongeza pesa, mwanangu. Alilipa bei ile ile tuliyokubaliana mimi na Mama Riziki. Hata maharage aliniachia. "Nyabo, hii ni yako, vuna. Mimi nimenunua nyumba." Nikavuna huku vijana wake wanaingiza magunia ndani ya kile chumba cha mbele. Tukayala hapa nyumbani. Ulisema nimeyapika vizuri. Mimi nilikuwa natafuna tu.

Kuna kingine. Jioni niliyokuambia nyumba imeenda, ulisema, "Pole, mama," ukainama ukaendelea kushona. Lakini niliuona mguu wako kwenye pedali. Ulienda mbio. Kitambaa kilikuwa kinaruka. Wiki nzima ulikuwa unashona kama mgonjwa, na jioni ile ukashona kama mtu aliyefunguliwa mlango. Wewe mwenyewe nadhani hukujua.

Nikakaa nikafikiri. Nilipambana na seremala, nikapambana na mkewe, nikapambana na Haji mwenye gari, nikachungulia kila pikipiki. Mwenye kunishinda alikuwa Mama Hadija kule Mbarara, na wewe ulikuwa umeshamkubalia tangu siku uliyosema utafikiri. Sikukuuliza hata mara moja. Nilikuwa nakununulia chumba cha kukufungia, nakiita duka. Ningekuuliza, ungenijibu, najua, maana wewe huwezi kunificha kitu ukiulizwa. Kwa hiyo sikuuliza.

Sasa ushauri. Usinune, ni mdogo. Kule utakubaliwa, na Mama Hadija, na wateja, labda na kijana fulani, nacheka hapa. Na utaona wasichana wengine wanakuja kukitazama kiti chako, wengine wanakata nguo vizuri kukushinda. Waache waje. Mtu akishakuambia nafasi ni yako, kaa ushone. Ukianza kumchimbia mlangoni ili uhakikishe, utamkuta amefunga. Na siku utakapomuumiza mtu, na utamuumiza, sema pole kwanza. Haki yako utaitafuta baadaye, haitaoza. Mimi nilianza na haki, na nyumba ikaenda, na rafiki akaenda, nikabaki na debe la maharage.

Yaliyofuata unayajua. Tulimuimbia Mama Riziki wimbo wa kumuaga, mimi na yeye tukiwa ncha mbili za mstari. Aligawa sufuria, akagawa godoro, akapanda basi kwenda Kampala. Akarudi. Safari za ng'ambo zimesimamishwa, wamewaambia wangoje, na hakuna anayejua wangoje mpaka lini. Nyumba yake ina mahindi mpaka darini. Haji alitaka kumrudishia kona moja, yeye akakataa, akasema ameuza. Tangu hapo analala stoo ya kanisa, kati ya ngoma na viti vibovu, na sisi wawili tumekuwa tukisalimiana kwa kichwa tu. Nilipoambiwa amerudi sikufurahi, na sikuhuzunika. Ganzi hii haikuanzia kwako, ilianza siku ile ya maharage.

Leo mchana ulipokuwa unapiga pasi, nilikudanganya kwamba naenda kununua sabuni. Nilienda kanisani. Alikuwa anafagia.

"Pole, Mama Riziki," nikamwambia.

"Pole ya nini?"

"Ya maharage."

Akaegemea ufagio. Aliniangalia mpaka nikaanza kuangalia miguu yangu. Kisha akauliza, "Yalizaa?"

"Yalizaa mingi."

"Yalikuwa tamu?"

"Sikusikia kitu."

Akatoa kicheko cha puani, kile chake. Nabintu, tangu siku ile hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia.

Nikamwambia, "Mutoto anaenda kesho. Kitanda chake kitabaki bule. Kuya ulale kwangu."

"Ni juu ya huruma?"

"Apana. Ni juu siwezi kukiangalia."

Aliendelea kufagia mpaka akamaliza upande wa wanaume, mimi nimesimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa. Halafu akaenda stoo, akaanza kukunja blanketi lake. Kwa hiyo kesho kitanda chako kitalaliwa na Mama Riziki. Ulipaswa kuulizwa, na safari hii nakuuliza, ingawa nimeshajibu. Kama hutaki niambie asubuhi, nitampa changu mimi nilale chini.

Wakati anakunja blanketi nilimuuliza kitu ambacho sikumuuliza siku binti yake alipoondoka, maana wakati ule nilikuwa bado na wangu nyumbani na sikufikiri. Nilimuuliza, "Siku Riziki alienda, ulifanya namna gani?"

Akasema, "Nilipika ya batu babili, sawa kila siku. Nikaiangalia. Kisha nikakula yote, juu sikuona wa kumupa."

Basi kesho, kabla ya kupanda boda, pitia kanisani. Msalimie Mama Riziki kwa mikono miwili na umwite mama, kama zamani. Usimweleze chochote, yeye anajua ulinyamaza kwa ajili ya nani. Halafu uende, usirudi nyuma kuangalia kama nimesimama barabarani. Sitakuwa barabarani. Nitakuwa jikoni napika ya watu wawili.

Mama yako